KATIKA NYUMBA ZETU: Redio ya saa nne ya usiku



Jioni moja ya mwaka 2018 mama mmoja, jirani yangu hapa Bukavu, alibisha hodi mlangoni petu, naye ameshika simu ndogo kwa vidole viwili, kama mtu ashikaye nyoka ambaye hajui kwa hakika kama amekufa. Alikataa kiti. Alikataa hata maji. Akasema: "Mwalimu, hiki ndicho kinachomla mwanangu."

Simu ile ilikuwa ya bei ndogo, haina picha wala mtandao, lakini ilikuwa na redio ndani yake. Binti yake, mwanafunzi wa mwaka wa tano wa sekondari, alikuwa akiificha chini ya mto, na kila usiku ilipopiga saa nne alitia waya masikioni akasikiliza kipindi cha nyimbo za mapendo na salamu, mpaka saa sita. Asubuhi alisinzia darasani. Hayo yangaliweza kuvumilika, maana ni nani kati yetu ambaye hakusinzia darasani? Lakini mama alikuwa amesoma maneno yaliyoandikwa ndani ya simu. Kijana mmoja wa Goma alikuwa amepata namba ya binti kwa njia ya kipindi kile kile, kwa maana mtangazaji huwasomea wasikilizaji namba za wale wanaotafuta rafiki. Kijana yule alikwisha kumtumia binti uniti za simu mara tatu. Sasa alimwomba apande meli siku ya Ijumaa, avuke ziwa, waonane.

"Nifanyeje, Mwalimu? Nimnyang'anye tu, au niivunje kwa jiwe mbele ya macho yake?"

Ilikuwa siku ya Jumanne. Nilimwambia aniache mpaka kesho. Usiku ule sikulala vizuri, na sababu moja ni kwamba mimi mwenyewe, nilipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, niliiba betri za taa ya baba yangu ili redio ya kaka yangu isinyamaze katikati ya wimbo. Baba alijikwaa gizani akaumia mguu. Hata leo hajapata kujua sababu, naye amekwisha kufariki.

Kabla ya kuwaambia tulivyofanya, nataka kusema kidogo juu ya nyimbo hizo zenyewe. Wazazi wengi huzilaani bila kujua zilikotoka, na vijana wengi huzisadiki bila kujua zinavyotengenezwa.

Turudi mpaka mwaka 1948. Katika mji wa Léopoldville, ambao sasa ni Kinshasa, Mgiriki mmoja aitwaye Nicolas Jéronimidis alifungua nyumba ya kutengeneza sahani za santuri, akaiita Ngoma. Kati ya waimbaji wake wa kwanza alikuwamo kijana mmoja fundi wa mitambo katika meli za mto Kongo, aliyezaliwa mwaka 1925. Jina lake la nyumbani lilikuwa Kolosoy, lakini watu walimwita Wendo. Jina hilo lina kisa chake. Mwezi wa Desemba 1936 mfalme Edward wa Nane wa Uingereza aliacha kiti chake cha enzi ili amwoe mwanamke Mmarekani aliyekuwa ameachana na waume wawili, akaitwa tangu hapo Duke wa Windsor. Habari hiyo ilifika mpaka mitoni kwetu. Vijana wakaichukua Windsor, wakaigeuza kinywani mwao: Windsor, Wendo Sor, Wendo. Hivyo mwimbaji wetu wa kwanza mkubwa wa mapendo alichukua jina la mtu aliyeuacha ufalme kwa ajili ya mwanamke. Sijui kama alikusudia, lakini singeweza kubuni jina lililo bora zaidi.

Wendo pamoja na mpiga gita Henri Bowane walitoa wimbo ulioitwa jina la msichana, Marie-Louise. Wimbo huo ulienea kama moto wa nyika wakati wa kiangazi. Husimuliwa kwamba watu walisema ukipigwa saa sita ya usiku huwafufua wafu. Kwamba wamisionari walikasirika sana. Kwamba Wendo ilimbidi auache mji kwa muda, na huko Stanleyville akatiwa kifungoni. Mengine katika hayo ni hadithi, na hadithi hukua kadiri msimulizi anavyozeeka. Lakini yatazameni mambo kwa upande wa wale mapadri pia. Wao walikuwa wamefundisha miaka mingi habari za ufufuko, na ghafula gita moja ladai kufanya kazi hiyo hiyo kwa muda wa dakika tatu. Wendo aliishi kupita wote waliomkasirikia. Alikufa Kinshasa mwaka 2008, mzee wa heshima, na rumba yetu ya Kongo, ya Kinshasa na ya Brazzaville pamoja, iliandikwa na UNESCO mwezi wa Desemba 2021 katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Tangu mwanzo nyimbo hizo zilisema mapendo kwa lugha ya ugenini. Kabla ya Wendo, tangu miaka ya 1930, zilifika bandarini sahani za Kuba zenye herufi G.V. na namba zake. Watu waliziimba kwa Kihispania wasichokijua, na neno la Kihispania la moyo likabaki katika nyimbo zetu kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili asirudi tena kwao. Halafu ikaja zamu yetu sisi wa mashariki. Sisi husema Kiswahili nyumbani, sokoni na kanisani, lakini sahani za Léopoldville ziliimbwa kwa Kilingala. Kwa sababu hiyo kijana wa Bukavu au wa Kindu, akitaka kumwambia msichana neno la moyoni, mara nyingi huacha Kiswahili chake na kuazima Kilingala. Katika Kiswahili chetu tuna neno mapendo, tulilojifunza katika katekisimu: mapendo ya Mungu na ya jirani. Kijana huona haya kulitumia kwa msichana wa mtaani, kana kwamba atavaa kanzu ya padri kwenda dansini. Basi husema bolingo. Neno la kuazima ni jepesi kulitoa, na ni jepesi kulikana vilevile.

Nimewahi kumwuliza mvulana mmoja wa shule, aliyemwandikia msichana barua nzima kwa Kilingala: "Ukimwoa, utamwambiaje kwamba unga umekwisha?" Akacheka. "Hilo nitamwambia kwa Kiswahili, Mwalimu."

Wasomaji wasinielewe vibaya. Sisemi kwamba Kiswahili hakikuwa na nyimbo zake. Katanga ilikuwa na Mwenda Jean Bosco wa Jadotville, mji uitwao sasa Likasi, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Hata leo wapiga gita wa nchi za mbali hukaa chini na kujifunza vidole vyake. Pwani ya mashariki na Kenya zilikuwa na "Malaika," ambao watu kadhaa wamegombea kuwa wao ndio walioutunga. Nautaja huo hasa kwa sababu unasema jambo ambalo nyimbo nyingi za mapendo hulikwepa: kijana ampenda msichana, lakini hana mali ya kumwolea. Hapo wazazi wangefaa kunyamaza na kusikiliza. Ng'ombe na mbuzi tunaowataka ndio walioutunga wimbo ule.

Na sasa niwaambie vijana jambo la kazi ya muziki ambalo watangazaji wa usiku hawalisemi. Wimbo wa mapendo una jina la mwanamke au la mwanamume ndani yake, nawe wasikia sauti ikilia jina hilo kana kwamba moyo unapasuka. Pengine moyo unapasuka kweli. Pengine jina limelipiwa. Tangu miaka ya 1950 vyama vya wanawake wa Léopoldville waliopenda mavazi mazuri vilifanya urafiki na makundi ya wanamuziki, na makundi yaliviimbia sifa. Desturi hiyo ilikua mpaka ikapata jina lake, libanga, yaani jiwe. Mwimbaji "hutupa jiwe" anapolitaja jina la tajiri katikati ya wimbo, na tajiri hufungua mfuko. Siku hizi katika nyimbo nyingine mawe ni mengi hata njia haionekani. Mchumba anayeliliwa katika ubeti wa kwanza na mfanyabiashara anayetajwa katika ubeti wa pili wamelazwa katika kitanda kimoja cha sauti, na msichana wa mwaka wa tano wa sekondari, aliye na waya masikioni, hawezi kujua ni yupi anayelipa.

Lakini si biashara tu. Ningekuwa mwongo kama ningeishia hapo. Mtu aliyezisikiliza nyimbo za Franco Luambo Makiadi atakiri kwamba kati ya wahubiri wa ndoa, wachache waliziona nyumba zetu kwa ukaribu kama yeye. Alizaliwa Sona-Bata mwaka 1938, alikuwamo katika kundi la OK Jazz tangu lilipoanzishwa mwaka 1956, akafa Ubelgiji mwaka 1989. Aliimba habari za mke mwenza, za shemeji wachongezi, za bwana ambaye hurudi alfajiri na uongo uliokwisha kutayarishwa. Mara nyingi aliimba kwa kinywa cha mwanamke, akilalamika kama mke anavyolalamika. Tena hakuwa peke yake: wanaume wengi wa muziki wetu wamefanya hivyo. Hata Mbilia Bel, aliyeingia katika kundi la Tabu Ley mwaka 1981 na ambaye sauti yake wake wengi waliiona kuwa sauti yao, aliimba mengi yaliyotungwa na Tabu Ley mwenyewe. Ajabu yangu ni hii. Wanaume wa Kongo wanayajua malalamiko ya wake zao kwa moyo, ubeti kwa ubeti, na huyacheza dansi kila Jumamosi. Hakuna awezaye kusema kwamba hakuambiwa.

Mwaka 1985 Franco alitoa wimbo "Mario," juu ya kijana mwenye elimu ambaye halali njaa kwa sababu ameshikamana na mwanamke mtu mzima mwenye fedha. Watu waliupenda mno hata jina la mtu likageuka kuwa neno la kawaida. Vukeni mpaka leo mipaka ya mashariki, mkafike Dar es Salaam, na mtasikia mwanamume anayelishwa na mwanamke akiitwa mario, na wanaolitamka hawajui kila mara kwamba neno hilo lilitoka kwetu kwa gita. Franco huyo huyo alifungwa mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa chafu, nami sitazitetea. Na huyo huyo, mwaka 1987, alipoona watu wanakufa, alitoa wimbo mrefu wa kuwaonya juu ya ugonjwa wa Sida, akawataja kwa zamu wazazi, walimu, wanafunzi, waganga na wakuu wa dini. Watu wazima wanakumbuka jinsi wimbo ule ulivyozimisha mazungumzo ya baa. Mtu alikuwa amekuja kucheza, akajikuta anahesabu.

Juu ya sinema nitasema machache, maana jirani yangu hakuwa na shida na sinema. Wakati wa ukoloni majumba ya sinema ya Wazungu yalifungwa kwa Waafrika, na filamu walizoruhusiwa kuziona zilipimwa kwanza na wakaguzi. Wamisionari nao walitengeneza za kwao. Wazee wa Kasai hawakusahau Matamata na Pilipili, wachekeshaji wa Padri Van Haelst. Wakaguzi waliogopa sana mapendo, lakini hawakuogopa sana farasi na bastola. Matokeo yake vijana wa Léopoldville katika miaka ya 1950 walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, wakavaa skafu shingoni, wakagawana mitaa, na wasichana wa mitaa hiyo wakahesabiwa kama sehemu ya mali ya vita. Nafikiri mara nyingine kwamba busu moja la filamu lingaliwadhuru kidogo zaidi.

Filamu ya mapendo ninayoipenda mimi ilitengenezwa Kinshasa mwaka 1987, nayo ni La vie est belle, kazi ya Ngangura Mweze, mzaliwa wa mji wetu huu wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba ndiye kijana wa shamba anayekuja mjini kutafuta muziki, akapata kazi ya boi nyumbani kwa bwana mwenye baa. Kijana na bwana wake wampenda msichana mmoja, wala hawajui. Bwana hamtaki msichana kwa ajili ya uso wake tu: nguvu zake za kiume zimempungukia, na mganga amemwambia kwamba dawa ni kumwoa bikira. Watu walicheka sana, na kilichowachekesha walikuwa wamekwisha kukiona katika mitaa yao. Papa Wemba mwenyewe, aliyekufa jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, alikuwa mtoto wa mama aliyeimba katika vilio vya matanga, akamfuata mama yake huko tangu utotoni. Tena aliimba katika kwaya ya parokia. Ukimsikiliza akivuta sauti juu ya mchumba aliyekwenda zake, utasikia matanga na kanisa vikijibizana. Sauti za namna hiyo hazikuanzia katika baa.

Sasa turudi kwenye redio na kwenye usiku, kwa maana usiku wenyewe una neno lake katika jambo hili.

Mwaka 1949 redio ya Kongo ya Wabelgiji ilianza matangazo maalum kwa Waafrika. Watu wachache walikuwa na redio nyumbani; wengi walisimama kiwanjani chini ya vipaza sauti vya serikali, mke na mume na shangazi na jirani, wote wakisikiliza wimbo ule ule. Msichana hakuweza kuwa na wimbo wa siri. Kisha zikaja redio ndogo za transista, zinazobebeka, na wimbo ukahamia chumbani. Redio za zamani zilikuwa na tabia nyingine, ambayo mwalimu wa fizika aweza kuwaeleza: mawimbi yake hupanda angani na kurudishwa chini kama mpira unaogonga dari. Mchana jua hutengeneza huko juu tabaka ambayo huyameza mawimbi ya kati. Jua likitua tabaka hiyo hutoweka, na mawimbi hupata njia, yakaenda mbali sana. Ndiyo sababu sisi wa Kivu tulikuwa na redio moja au mbili mchana, na usiku tulikuwa na dunia. Brazzaville ilikuja. Nairobi ilikuja. Sauti ilipanda na kushuka kama mtu anenaye katika upepo, na wimbo wa mapendo uliokuja hivyo, kutoka mbali, nusu umezimika, ulikuwa na nguvu mara mbili. Nami naamini kwamba nusu ya uzuri wake ilikuwa umbali.

Redio za siku hizi, zile za FM zilizojaa katika miji yetu, hazina tabia hiyo. Mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga wa taa, na mlima ukisimama mbele yake, yamekwisha. Sauti ni safi, tena ni ya karibu. Mtangazaji wa saa nne ya usiku huongea polepole, mdomo umegusa kipaza sauti, kana kwamba amekaa kitandani pako. Husoma: fulani wa Kadutu amsalimu fulani wa Nyawera na kumwambia hajalala. Halafu namba ya simu. Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na siku zetu. Redio ya ujana wangu ilisema nami bila kunijua. Hii ya sasa hupokea jibu, na kati ya wanaojibu wamo wenye mioyo mizuri, na wamo wengine.

Basi, siku ya Jumatano bibi yangu, ambaye katika mambo haya ana akili kunipita, alisema: "Kumnyang'anya simu ni kumfundisha kuificha vizuri zaidi. Waite waje wasikilize hapa, sisi sote." Nilisita. Alikwisha kutia maji ya chai motoni.

Wakaja saa tatu na nusu. Binti aliketi akitazama sakafu, mikono katikati ya magoti. Simu tuliiweka juu ya meza, kando ya sukari, ikipiga kelele zake ndogo bila waya ya masikioni, maana waya ule ndio anteni yake na ilitubidi kuuacha unaning'inia mezani. Kwa nusu saa ya kwanza hakuna aliyesema neno. Sijaona aibu kama ile: watu wazima watatu na mtoto mmoja wakisikiliza mwanamume asiyejulikana akinong'ona juu ya midomo na machozi. Bibi yangu alimimina chai. Nilipotaka kufungua kinywa nitoe fundisho, alinikanyaga mguu.

Kisha mtangazaji akaweka wimbo wa zamani wa Mbilia Bel, wa miaka ya 1980. Mama wa binti aliweka kikombe chini. Akasema, si kwetu bali kwa simu ile: "Huu."

Hapo ndipo tuliposikia habari ambayo binti hajawahi kuambiwa. Baba yake alikuwa mtu wa Walungu. Mwaka 1999, wakati wa vita, alikuwa akibeba matofali mjini. Hakujua kuimba hata kidogo, wala hakujua Kilingala. Lakini karibu na nyumba ya wazazi wa msichana alikaa fundi wa viatu mwenye redio ya kanda, na kanda hiyo ilikuwa na wimbo huo. Kila wimbo ulipoanza, kijana yule alikuja akasimama ng'ambo ya barabara, akitazama, mpaka ulipokwisha, kisha akaenda zake. "Hakusema neno," mama alisema. "Alitaka niusikie wimbo nikimwona yeye." Ilichukua miezi minne. Halafu akaja na baba yake mdogo na mbuzi wawili, akaahidi ng'ombe. Ng'ombe huyo alimlipa kwa miaka mitatu.

Binti aliinua kichwa. "Ng'ombe mmoja tu, mama?"

"Mmoja. Alikonda, lakini alifika."

Wote wawili walicheka, kisha wote wawili wakanyamaza, kwa maana baba yule alikwenda Kamituga mwaka 2011 kuchimba dhahabu, na tangu mwaka 2013 hakuna aliyeleta neno lake. Ndani ya nyumba ile jina lake lilikuwa halitajwi. Nafikiri, na nasema kwa woga kwa kuwa si jambo langu, kwamba binti alikuwa akitafuta chini ya mto habari ambazo hakuzipata mezani.

Bibi yangu akamwuliza kwa upole: "Mwanangu, huyo wa Goma, unajua baba yake mdogo ni nani?"

Hakujua. Hakujua hata jina lake la ukoo. Aliifikiria simu kwa muda, kisha akaichukua mbele yetu na kuandika, akitusomea kila neno: kwamba hatapanda meli, kwamba kama anataka kumwona, aje Bukavu mchana, aulize nyumba ya mama yake, wala asije peke yake. Alituma kwa uniti zile zile alizopewa na kijana. Jibu lilikuja kabla ya kumaliza chai: atakuja baada ya sikukuu. Sikukuu ipi, hakusema. Hakuja, wala hakuandika tena. Labda alikuwa mtu mbaya, nasi tulimwokoa binti na jambo ambalo sitaki kulifikiria. Labda alikuwa mtoto mwenzake, hana baba mdogo wala nauli, naye alilia usiku kwa wimbo mwingine. Binti alimkumbuka kwa miezi kadhaa, niliona usoni. Alimaliza shule mwaka uliofuata.

Simu ilirudi nyumbani kwao, ikawekwa juu ya kabati la vyombo, na usiku fulani fulani, ukipita karibu na dirisha lao saa nne, ungeisikia.

Wiki mbili baada ya jioni ile mama alinijia tena, safari hii akakubali kiti. Alitaka kujua namna ya kutuma salamu katika kipindi kile. Nilimwandikia namba ya mtangazaji. Kisha akaniuliza kama redio ile yasikika Kamituga. Ilinibidi nimweleze mambo ya mawimbi na ya milima, kama nilivyowaeleza ninyi hapo juu: kwamba FM haivuki mlima, na kati ya hapa na Kamituga milima ni mingi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama watu wanavyomsikiliza mwalimu.

"Hata hivyo niandikie vizuri, Mwalimu," akasema. "Asije akakosea jina."